Skrini ya bluu: kwa nini imepungua, na ikitokea leo uanzie wapi kabla ya kupiga Windows upya

Mleta uzi ameuliza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kwa nini kompyuta za enzi za Windows 98 zilikuwa zinaganda au kutoa skrini ya bluu hata mara kadhaa kwa siku, wakati za leo zinamaliza miezi bila kuanguka. Pili, kwa nini basi kompyuta yake ya mezani yenye Windows 10 inaleta skrini ya bluu kila baada ya siku mbili tatu, na fundi ameshaipiga Windows mara tatu bila nafuu.

Nayajibu pamoja, kwa sababu jibu la swali la kwanza ndilo linalofungua la pili. Mfumo endeshi umejengewa kuta nyingi kiasi kwamba siku hizi ukianguka, mara nyingi mkosaji hayumo ndani ya Windows yenyewe. Yuko kwenye RAM (memori ya kazi), diski, umeme, joto au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa). Kupiga Windows upya hakugusi hata kimoja kati ya vinne vya mwanzo, na hicho cha tano unakirudisha kwa mkono wako pale unapoweka draiva ileile.

Tuanze na zamani. Kwenye Windows 3.1 ya mwaka 1992, na kwenye Mac zote hadi Mac OS 9, programu zilikuwa zinapeana zamu ya prosesa kwa hiari. Programu ikishashika zamu, mfumo haukuwa na namna ya kuinyang'anya. Ulikaa ukisubiri programu yenyewe iachie. Ikiingia kwenye mzunguko usioisha, mashine nzima imesimama. Mshale wa kipanya ungeweza kuendelea kusogea, lakini hakuna kinachobofyeka. Kwenye Mac za zamani hata kushikilia menyu ikiwa wazi kulisimamisha kazi za nyuma mpaka uachie kidole.

Memori nayo ilikuwa uwanja usio na uzio. Kwenye Mac hizo programu zote zilikaa ndani ya eneo moja, na mtumiaji ndiye aliyepanga kiasi: unabofya programu mara moja, unafungua taarifa zake, unaandika kilobaiti ngapi ipewe. Ukiweka kidogo, inafunga kazi yako katikati. Programu moja ikiandika nje ya eneo lake, inachafua ya jirani, na dakika kumi baadaye jirani ndiye anayeanguka huku picha ya bomu ikitokea. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjua mkosaji: aliyekufa si aliyekosea. Dawa ya kwanza ilikuwa kuwasha mashine huku umeshikilia Shift ili nyongeza zote za mfumo zisipakiwe, kisha kuzirudisha moja moja hadi ile yenye ugomvi ijitokeze.

Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ilirekebisha suala la zamu kwa programu za biti 32: mfumo sasa uliweza kunyang'anya prosesa. Ila kwenye memori ukuta ulijengwa nusu, na hapa inafaa tuangalie kwa karibu, maana ndipo ilipokuwa siri ya kuanguka kwa familia yote ya 95, 98 na Me. Kila programu ilipewa ramani ya anwani za gigabaiti 4. Megabaiti 4 za mwanzo ziliachiwa mambo ya DOS (mfumo wa zamani wa kuandika amri) na programu za biti 16. Kutoka hapo hadi gigabaiti 2 lilikuwa eneo binafsi la programu, na hilo lilindwa vizuri. Kutoka gigabaiti 2 hadi 3 lilikuwa eneo la pamoja, lenye faili za DLL zinazotumiwa na wengi, na yeyote aliweza kuandika humo. Kutoka 3 hadi 4 ndipo mfumo wenyewe ulipokaa, na eneo hilo nalo halikufungwa. Yaani programu ya kawaida ya kupigia muziki, ikiwa na kosa dogo la anwani, iliweza kuandika uchafu juu ya msimbo wa Windows. Hakuna kinachotokea papo hapo. Baadaye kidogo unabofya kitu kisichohusiana kabisa, skrini ya bluu inakuja.

Juu ya hapo kulikuwa na kufuli moja la msimbo wa zamani wa biti 16 ambao bado ulishughulikia sehemu kubwa ya kuchora madirisha. Programu ya biti 16 ikishika kufuli hilo kisha ikaganda, hata programu za kisasa zinazotaka kuchora chochote zinapanga foleni nyuma yake. Halafu kulikuwa na vihifadhi vya kilobaiti 64 ambamo mfumo uliweka taarifa za madirisha, vitufe na michoro. Sehemu ya taarifa hizo ilihamishiwa kwenye vihifadhi vikubwa vya biti 32, lakini vile vidogo vilibaki. Mashine yenye megabaiti 128 za RAM, nyingi kwelikweli kwa wakati ule, ilikuwa inalalamika kwamba memori imekwisha wakati RAM iko tele: kilichojaa ni kile kihifadhi cha kilobaiti 64. Programu zisizorudisha zilichochukua zilikijaza kidogo kidogo kutwa nzima, na njia pekee ya kukisafisha ilikuwa kuzima na kuwasha. Ile desturi ya kurestati mashine mchana ili iwe nyepesi ilitokana na hilo, na kwa wakati ule ilikuwa ushauri sahihi kabisa.

Kuna kasoro moja inayoonyesha hali ilivyokuwa kuliko maelezo yoyote. Windows 95 na 98 zilihesabu muda tangu kuwashwa kwa milisekunde, kwenye namba ya biti 32. Namba hiyo ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri, na hiyo ni siku 49.7. Mashine ikifika hapo iliweza kuganda. Kasoro hiyo ilikuja kutangazwa na kupewa kiraka mwaka 1999, karibu miaka minne baada ya Windows 95 kutoka, kwa kuwa mashine za kukaa siku 49 mfululizo bila kuanguka kwa sababu nyingine zilikuwa nadra.

Sasa, teknolojia ya kujenga kuta hizo vizuri ilikuwepo tayari. Microsoft ilimchukua Dave Cutler kutoka Digital Equipment Corporation mwaka 1988, na Windows NT 3.1 ikatoka Julai 1993 ikiwa na ukuta kamili kati ya programu na programu, na kati ya programu na kiini cha mfumo (sehemu ya ndani inayotawala vyote). Haikuingia majumbani kwa sababu ya bei ya RAM na kutokubali michezo na vifaa vingi vya DOS. NT 3.1 ilitaka angalau megabaiti 12. Windows 95, iliyokuja miaka miwili baadaye, iliweza kuanza na 4. RAM iliposhuka bei, mambo yakageuka haraka. Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001 ikiwa ya kwanza ya matumizi ya nyumbani yenye kiini cha NT. Mwaka huohuo, tarehe 24 Machi, Apple ilikuwa imetoa Mac OS X 10.0 iliyojengwa juu ya kazi ya NeXT, kampuni ambayo Apple iliinunua baada ya mradi wake wa ndani uitwao Copland kushindikana mwaka 1996. Linux ilikuwa na kuta hizo tangu mwanzo wake 1991, kwa kuwa ilifuata muundo wa Unix. Kwa hiyo mtu akiniuliza uimara ulianza lini kwenye kompyuta za nyumbani, nitamwambia 2001 bila kusita.

Hapo maana ya skrini ya bluu nayo ilibadilika, na wengi hawajalitambua hili. Kwenye Windows 98 ilikuwa ni taarifa: bonyeza kitufe chochote, ujaribu kuendelea, na wakati mwingine uliweza. Kwenye NT na zote zilizofuata, skrini ya bluu ni uamuzi wa makusudi. Kiini kimegundua kwamba taarifa zake za ndani haziaminiki tena, na badala ya kuendelea kuandika kwenye diski kikiwa kimechanganyikiwa, kinajisimamisha, kinahifadhi picha ya memori na kutoa namba ya kosa. Skrini hiyo inalinda faili zako. Namba inayoiacha ndiyo ushahidi, na fundi anayeifuta kwa kupiga Windows ametupa ushahidi.

Kuta za programu zilipokamilika, makosa yaliyobaki yalikuwa ya draiva, kwa sababu draiva hukaa ndani ya ukuta pamoja na kiini, na ikikosea hakuna wa kuikinga. XP ilianguka sana kwa sababu hiyo. Vista ya Januari 2007 ilisemwa vibaya na watu wengi, lakini kwa upande huu ndiyo iliyofanya kazi ngumu ambayo Windows 7 ilisifiwa kwayo mwaka 2009. Draiva za kadi ya picha zilikatwa vipande viwili, kipande kikubwa kikatolewa nje ya kiini. Kadi ikikaa zaidi ya sekunde 2 bila kujibu, Windows huizima draiva na kuiwasha tena. Skrini inakuwa nyeusi kidogo kisha inarudi na ujumbe mdogo kwamba draiva ya skrini ilisimama na imepona. Kwenye XP tukio hilohilo lingekuwa skrini ya bluu. Draiva za printa nazo zilitolewa kabisa ndani ya kiini. Toleo la biti 64 likakataa draiva isiyo na saini. Apple ilifuata mwelekeo huo mwaka 2019 kwenye macOS Catalina, ikianza kuhamisha nyongeza za kiini kwenda nje.

Hatari yenyewe haijaisha. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho la faili moja ya data ya programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Draiva yake ilikuwa ndani ya kiini, ikajaribu kusoma memori nje ya mpaka, basi. Windows haikuwa na la kufanya zaidi ya kusimama.

Upande wa mafaili nao ulipiga hatua, na sisi wa huku ambako umeme unakatika bila taarifa tunapaswa kuujua vizuri. FAT32, mpangilio wa mafaili wa Windows 98, haikuwa na daftari la kumbukumbu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, jedwali la mafaili linabaki nusu, ScanDisk (programu ya kukagua diski) inaanza yenyewe ukiwasha, na unakuta vipande vya faili vimeitwa FILE0000.CHK. NTFS, mpangilio wa Windows za familia ya NT hadi leo, huandika kwanza kwenye daftari jambo inalotaka kufanya, ndipo inalifanya. Umeme ukirudi, inasoma daftari na ama kumalizia au kufuta kilichoanzwa, kwa sekunde chache. Linux ilipata kitu hichohicho kwenye ext3 mwaka 2001, Mac mwaka 2002. Ila zingatia: daftari la NTFS linalinda muundo wa mafaili, si maudhui. Waraka uliokuwa unahifadhiwa umeme ulipokatika unaweza kuwa na jina sahihi, ukubwa sahihi, na ndani yake sifuri tupu. Hakuna toleo la Windows litakalokutolea hilo. UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ndiyo itakayokutolea. Ya VA 650 inatosha kompyuta moja ya mezani na skrini kwa dakika kadhaa, muda wa kuhifadhi na kuzima, na betri yake ya volti 12 huchoka baada ya miaka mitatu hivi. UPS yenye betri iliyokufa ni kiunganishi cha umeme tu. Na flashi zenye FAT32 au exFAT hadi leo hazina daftari. Ziondoe kwa utaratibu.

Tuje kwenye mashine ya mleta uzi.

Usianze na kuwasha na kuzima. Tangu Windows 8, ukichagua "Shut down" kiini hakizimwi. Kinahifadhiwa kwenye diski na asubuhi kinarudishwa jinsi kilivyolala, pamoja na draiva zake zilizochoka. Mtu anaapa anaizima kila usiku, ukifungua Task Manager, sehemu ya Performance, CPU, unakuta muda wa kuwa hewani ni siku 23. Chagua "Restart", ndiyo inayosafisha. Kama mashine inasumbua mara kwa mara baada ya kuwashwa, zima kabisa tabia hiyo: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel. Utaona grafu yenye alama 1 hadi 10 na kila tukio kwa tarehe yake. Hapa unatenganisha mambo matatu ambayo watu huyaita jina moja. Programu kufunga ni kosa la programu. Skrini ya bluu ina namba yake. Mashine kuzima au kujirestati bila skrini ya bluu ni jambo la tatu, na mara nyingi ni umeme au joto. Hilo la tatu Event Viewer (daftari la matukio la Windows) hulirekodi kama Kernel-Power, namba 41. Fungua maelezo yake utafute BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika: angalia pawa saplai, soketi, vumbi kwenye feni, na pesti ya prosesa iliyokauka. Kuganda kwa polepole huku taa ya diski ikiwaka muda wote ni jambo la nne tena: hiyo kwa kawaida ni RAM ndogo pamoja na diski ya kuzunguka, na SSD ndiyo tiba.

Kwa skrini za bluu, hakikisha ushahidi unatunzwa. Andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, ondoa alama ya kurestati yenyewe, na chagua kuhifadhi picha ndogo ya memori. Mafaili yatakaa C:\Windows\Minidump. Programu za kusafisha takataka hufuta folda hiyo, kwa hiyo zisimamishe kwanza. Yafungue kwa programu ya BlueScreenView, au kwa WinDbg kwa amri !analyze -v. Kosa la kawaida hapa ni kuona ntoskrnl.exe ikitajwa na kuhitimisha kwamba Windows imeharibika. Hicho ni kiini chenyewe, na kutajwa kwake maana yake ni kwamba kilikuwepo kosa lilipogunduliwa. Unachotafuta ni mwenendo wa matukio matano au sita. Namba ileile na draiva ileile kila mara: draiva. Namba tofauti kila siku, leo hii kesho ile, na draiva tofauti zikitajwa: RAM ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mimi nikiona maelezo kama ya mleta uzi, ya kupiga Windows mara tatu bila nafuu, nashuku RAM kabla hata ya kuona faili moja.

Namba zenyewe zinasaidia kuelekeza. MEMORY_MANAGEMENT, 0x1A, huelekea kwenye RAM. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, 0xD1, ni draiva, mara nyingi ya mtandao. VIDEO_TDR_FAILURE, 0x116, ni kadi ya picha iliyoshindwa kupona, iwe kwa draiva, joto au saplai dhaifu. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, 0x7A, ni diski au kebo yake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, 0x124, ni prosesa au maunzi yenyewe yakiripoti kosa. Hapo usiguse Windows kabisa.

INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, 0x7B, inastahili maelezo ya peke yake kwa sababu imewagharimu wengi bure. Kompyuta za mtumba huja na betri ya CR2032 kwenye mazabodi ikiwa imeisha. Ukizima ukutani, mipangilio ya BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine) inarudi ya kiwandani, na kwenye mashine nyingi za ofisini hali ya diski inarudi RAID wakati Windows iliwekwa kwenye AHCI, namna nyingine ya kuwasiliana na diski. Asubuhi unapata 0x7B. Fundi anapiga Windows, inakubali, kwa sababu sasa imewekwa kwenye RAID. Mtu mwingine akirudisha AHCI, inaanguka tena. Dalili yake ni saa na tarehe kurudi nyuma kila umeme ukikatika. Badilisha betri, rudisha hali iliyokuwepo, mashine inawaka bila kupoteza faili hata moja.

Kupima RAM: weka programu ya MemTest86 kwenye flashi, washa kutoka kwenye flashi hiyo, iache imalize mizunguko yote 4. Inaweza kuchukua saa nyingi, iache usiku. Kosa moja tu linatosha kuhukumu. Hakuna idadi ndogo inayokubalika. Likitokea, zima, chomoa waya wa umeme, toa vijiti, sugua meno ya shaba taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha kijiti kimoja na upime. Kisha kingine kwenye nafasi ileile, kisha badilisha nafasi. Kosa likifuata kijiti, kijiti ni kibovu. Likifuata nafasi, tatizo ni mazabodi. Kama umechanganya vijiti vya kasi tofauti, rudisha BIOS kwenye kasi ya kawaida na uzime XMP (mpangilio wa kuipandisha RAM kasi) kabla ya kulaumu chochote. Kwa wenye laptop za Intel kizazi cha 4 na 5 zinazotumia DDR3: angalia herufi L. Zinahitaji DDR3L ya volti 1.35, ya volti 1.5 inaweza kukataa kuwaka au kuyumba.

Diski: tumia programu ya CrystalDiskInfo. Kwenye diski ya kuzunguka angalia mistari ya 05, C5 na C6 (inayohesabu sekta mbovu au zinazoshukiwa), safu ya namba ghafi, ambayo kwa kawaida huonyeshwa kwa mfumo wa 16. C5 ikiwa juu ya sifuri, nakili mafaili yako leo. C7 ikiongezeka huku nyingine ziko sifuri, badilisha kebo ya SATA, diski ni nzima. Usikimbilie chkdsk /r kwenye diski yenye C5, kwa kuwa inasoma kila sekta na inaweza kuimaliza kabla hujaokoa kitu. Nakili kwanza.

RAM na diski zikipita, ndipo draiva. Kama kosa lilianza baada ya sasisho, fungua Device Manager, kifaa husika, Driver, Roll Back. Draiva chukua kwa mtengenezaji wa mashine au wa kifaa. Hizi programu za kujaza draiva zote kwa mbofyo mmoja zinaweka zisizolingana na ndizo chanzo cha 0xD1 nyingi. Ikishindikana kumjua mkosaji, tumia Driver Verifier: tengeneza kwanza sehemu ya kurejea, andika verifier, chagua mipangilio ya kawaida, kisha teua draiva zisizo za Microsoft tu. Mashine itakuwa nzito na itaanguka mapema kwa makusudi, ikimtaja mkosaji kwa jina. Ikigoma kabisa kuwaka, ingia hali salama: mara mbili au tatu za kushindwa kuwaka humfanya Windows afungue ukurasa wa matengenezo, chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha 4. Ukiwa ndani andika verifier /reset na uwashe upya. Usisahau kuitoa ukimaliza.

Mafaili ya mfumo yaangalie mwisho, si mwanzo, na kwa mpangilio huu: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza ndipo sfc /scannow. Ya kwanza inarekebisha ghala ambalo ya pili huchukua mafaili yake. Ukigeuza, sfc inaweza kurejesha kutoka kwenye ghala bovu.

Kupiga Windows upya kuna mahali pake. Ni pale maunzi yamepita vipimo vyote na DISM imeshindwa, au pale Windows iliyomo ni ya kupunguzwapunguzwa au imewekewa kiamsha leseni cha wizi, maana hizo zimeshachezewa mafaili yaleyale ambayo kuta zote hizi zinategemea. Hapo chukua ISO (faili ya kuwekea Windows) ya Microsoft yenyewe, futa, weka safi.

Mleta uzi, weka hapa namba za skrini za bluu tano za mwisho na tarehe zake, matokeo ya MemTest86 kwa kila kijiti, na namba ghafi za 05, C5 na C7. Sema pia kama saa ya kompyuta inarudi nyuma ukizima ukutani.